Dawa nyingine za zidakani mwangu nilizitunga mwenyewe. Nimwambie mjukuu wangu?

Bi Mshauri, assalamu alaykum.

Mimi ni mjane wa miaka 61, mwenyeji wa Lamu. Mtaa siutaji, maana mji wetu ukitaja mtaa na umri umeshamtaja mtu. Nyumba ninayokaa ni ya mawe, ya urithi, na ukuta wa ndani una zidaka ambazo wazee walipambia sahani na mabakuli ya kaure. Kaure zilikwisha kuuzwa zamani. Mimi nimezijaza chupa: habbasoda, uwatu, karafuu, tangawizi kavu, shabu, liwa, asali, na mafuta ya nazi niyakamuayo kwa mkono wangu.

Mtu wa mtaani akipatwa na kajambo kadogo, huja kwangu kabla ya kwenda dukani. "Bi, kitwa chaniuma." "Bi, mtoto kashikwa na kwikwi." Sichukui pesa. Mmoja huleta samaki, mwingine huniombea dua, basi.

Ujuzi huu nilirithi kwa bibi yangu mzaa mama, mtu wa Matondoni. Kwa harara nasaga liwa kwa marashi ya waridi. Kwa jino, karafuu moja juu ya panapouma. Kwa msafiri wa Pate siku bahari imechafuka, tangawizi ya kutafuna tangu gatini. Chokea natibu kwa kokwa za tende: nazitia maji ya moto, nazifunga kwa kitambaa safi, naziweka juu ya kope iliyofumbwa mpaka zipoe, na kurudia mara tatu kwa siku. Mambo makubwa siyagusi. Mwaka jana baba mmoja aliniletea mtoto mwenye homa saa nne usiku. Nilikataa hata kufungua chupa, nikamwambia aende hospitali saa ile ile. Alikasirika, lakini alikwenda, na kumbe ilikuwa malaria.

Sasa ziko dawa nyingine ambazo bibi hakunipa.

Nilipoolewa nilikuwa na miaka 19. Siku moja kuna karamu, watu wamekaa, shemeji yangu mdogo akashikwa na kwikwi isiyokatika. Mavyaa akanigeukia mbele ya wote: "Wewe si mjukuu wa yule wa Matondoni? Mpe dawa." Sikuwa na dawa. Nikamwambia ajaze maji kinywani, afumbe macho, ahesabu moyoni milango saba tangu pwani mpaka kwetu, na kila mlango ameze funda moja dogo. Mlango wa saba kwikwi ikakata. Wakaniuliza nimeipata wapi. Nikasema, kwa bibi. Neno lilinitoka tu.

Baadaye nikaongeza. Mwenye chunjua namfungia uzi mwekundu mafundo sawa na idadi yake, uzi nauweka chini ya mtungi, na yeye asizitazame wala kuzigusa mpaka siku 40 zipite. Mtoto anayeshtuka usingizini namlaza na ufunguo wa chuma wa mlango wetu wa zamani chini ya mto. Zote nilizitunga, na zote nimesema ni za bibi. Miaka 42 sasa.

Mwezi uliopita jirani aliniletea mjukuu wake wa miezi saba ana kikohozi. Nikachanganya asali na habbasoda kama nilivyofundishwa. Kijiko kiko karibu na kinywa cha mtoto, akaingia binti wa nyumba ile anayesomea uuguzi bara. Akanishika mkono. "Bi, tafadhali, asali siyo. Hajafika mwaka." Palikuwa na wanawake wanne. Niliaibika nikaona ardhi ingepasuka nikaingia. Asali, ambayo Surat An-Nahl inasema ina ponyo kwa watu! Usiku nikaanza kuwahesabu watoto wachanga niliowalambisha asali miaka yote hii, nikashindwa.

Juma lilo hilo, darsani, Ustadhi akataja hadithi kwamba anayetibu watu naye hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Nilihisi nasemwa mimi.

Na la mwisho, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mjukuu wangu wa miaka 11 ameanza kuandika dawa zangu zote kwenye daftari. Kila moja huuliza, "Nyanya, hii umeipata wapi?" Juzi nilichungulia nikaona ameandika kwa hati nzuri: "Dawa ya kwikwi, kutoka kwa bibi yake nyanya, Matondoni." Uongo wangu wa siku ya karamu umetiwa wino na mtoto.

Nimwambie yeye tu? Niwaambie na watu? Au nifunge zidaka niseme nimezeeka?

Mama wa Zidaka, Lamu

*

Waalaykum salaam, Bi Mkubwa wangu.

Naanza na watoto wachanga, kwa sababu nadhani ndio wanaokunyima usingizi kuliko daftari.

Yule binti alisema kweli. Asali huweza kubeba mbegu za kijidudu kinachokaa udongoni. Sisi wakubwa tukizimeza hupita zikatoka, hazitudhuru. Utumbo wa mtoto asiyetimiza miezi 12 haujakomaa, na humo mbegu huweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto hukosa choo siku kadhaa, kilio kinakuwa chembamba, hanyonyi kwa nguvu, kope zinaanguka, shingo inalegea. Kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Ni ugonjwa wa nadra, na ukiwapo hujitokeza siku chache au wiki chache baada ya asali, hauji baada ya miaka. Wale uliowalambisha zamani, ambao leo wanakupita njiani wamebeba mikoba ya shule, hilo limeshawapita. Huna haja ya kuendelea kuwahesabu usiku.

Nayo asali haikuvuliwa heshima yake. Kwa aliyevuka mwaka mmoja, kijiko cha asali kwa kikohozi cha mafua ni dawa njema. Mwaka 2019 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliwashauri watu wenye kikohozi cha siku chache waanze na asali kabla ya kukimbilia antibayotiki, isipokuwa watoto wa chini ya mwaka. Kuhusu ile aya, mimi si mwanachuoni. Nasema tu kwamba nyama pia ni chakula chema cha halali, na hakuna mama atakayemlisha mtoto wa miezi miwili.

Sasa hiyo aibu. Umeandika kwamba uliaibika, nami nakuamini, maana kushikwa mkono mbele ya watu na binti umzidiye miaka 40 si jambo jepesi. Lakini ulipoyanukuu maneno yake umenukuu "Bi" na "tafadhali". Kijiko kilikuwa kimeshafika karibu na kinywa. Ungetaka angefanyaje kwa nafasi ile aliyokuwa nayo? Na wale wanawake wanne, yuko hata mmoja aliyeacha kukujia? Barua yako haisemi hivyo. Huenda walichokiona wao si kile ulichokihisi wewe.

Nije kwenye uongo, kama ulivyouita.

Jinsi unavyoliweka jambo hili, upande mmoja ziko dawa za bibi, za kweli, na upande wa pili ziko zako, za kubuni. Nimejaribu kulitazama hivyo nikashindwa, Bi Mkubwa, kwa sababu ya barua yako yenyewe. Asali kwa mtoto wa miezi saba ulifundishwa. Ufunguo chini ya mto uliutunga. Kati ya hizo mbili, ni ipi ingeweza kumdhuru mtoto? Tazama na wanja wa manga, ambao mabibi zetu wote wa pwani waliwapaka watoto machoni wakidhani wanawakinga. Mara nyingi jiwe lake ni lenye madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Kuwa ni wa zamani hakukuupunguzia sumu. Kwa hiyo swali la mjukuu wako, "umeipata wapi", ni swali zuri, ila si hilo linaloamua kama dawa inafaa kumpa mtu.

Hebu nikueleze kinachotokea kwenye hizo unazoziita za uongo. Kwikwi ni msuli wa kiwambo, ule unaotenga kifua na tumbo, unaojikaza bila kuamriwa. Mara nyingi hutulia wenyewe baada ya dakika chache. Kuzuia pumzi na kumeza mfululizo husaidia kuutuliza, na hayo ndiyo uliyomfanyisha shemeji yako bila kujua: huwezi kumeza mafunda saba ya maji na huku unapumua ovyo. Hiyo milango saba ilimpa kitu cha kufanya badala ya kuingojea kwikwi nyingine. (Kuna Mmarekani, Charles Osborne, aliyekuwa na kwikwi tangu 1922 mpaka 1990. Kwikwi ikipita siku mbili haina tena biashara na maji kinywani, ni ya daktari.) Chunjua huletwa na virusi, na kwa watoto wengi hujiondokea zenyewe, ingawa yaweza kuchukua miezi, hata miaka miwili. Sharti lako la kutozigusa siku 40 lina faida ya peke yake, kwani kuzichokoa ndiko kunakozisambaza. Na kokwa za tende za bibi zinasaidia chokea kwa sababu ya ule moto na ule unyevu. Kitambaa cha maji ya moto kinafanya kazi ile ile, dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, bila kulikamua.

Mamangu, hapa Malindi, alikuwa na dawa moja ya tumbo la kusokota: chumvi ya jikoni iliyokaangwa, ikafungwa kwenye kitambaa cha kanga, ikawekwa tumboni. Nimeifanya kwa wanangu pia. Joto linasaidia, hilo ni kweli. Lakini nimekuja kuona kwamba sehemu kubwa ya dawa ile ni mtu mzima kukaa kando yako dakika 20 bila kuinuka kwenda kushika jambo jingine. Nadhani wanaopiga hodi kwako wanaifuata hiyo pia, hata wasipojua kuitaja.

Labda unaogopa kwamba ukweli ukijulikana dawa zitakufa. Nakupa kisa kimoja. Mwaka 2010 mtafiti wa Harvard, Ted Kaptchuk, na wenzake walichapisha utafiti wa watu 80 wenye maradhi sugu ya utumbo, ya tumbo kuuma na choo kuvurugika. Karibu nusu walipewa vidonge wakaambiwa waziwazi: hivi havina dawa ndani, ni kama vidonge vya sukari, lakini imeonekana kuvinywa kunaweza kuamsha nguvu za mwili kujituliza. Wengine hawakupewa kidonge, ila walionwa na kusikilizwa vivyo hivyo. Baada ya wiki tatu, asilimia 59 ya waliokunywa vidonge walisema wamepata nafuu ya kuridhisha, dhidi ya 35 ya wenzao. Walijua, na bado walipata nafuu. Usiuvute utafiti huu mbali: ni nafuu ya maumivu na usumbufu, haukuua kijidudu wala kuyeyusha uvimbe. Ila unanifanya nijiulize kama ule uzi mwekundu unauhitaji kweli uongo ili ufanye kazi.

Tuzitazame njia ulizozitaja.

Kumwambia mjukuu peke yake inaonekana nyepesi, nami ndiyo ninayoiogopea zaidi. Mtoto wa miaka 11 ukimpa ukweli kisha ukamwambia asiutoe, umempa mzigo wa siri ya mtu mzima. Ataendelea kusikia watu wakisema "dawa ya bibi wa Matondoni" naye anyamaze. Ukimwambia bila kumfunga mdomo, jiandae kwamba huenda mtaa ukajua kwa njia yake, labda kwa maneno usiyoyachagua wewe. Yawezekana pia akafurahi kuliko unavyotarajia. Anaandika kwa sababu anakupenda wewe, yule bibi hakumwona. Kisa cha bi harusi wa miaka 19 aliyebanwa mbele ya mavyaa akatunga dawa papo kwa papo huenda kikapendwa daftarini kuliko mstari mmoja wa "kutoka Matondoni". Lakini wewe ndiwe umjuaye mtoto, mimi sijamwona.

Kuwaambia watu kuna hatari zake. Wako watakaocheka, wako watakaosema basi na karafuu ni uongo, liwa ni uongo, na wakafuata mkumbo kwa mtu mwingine asiyejua kukataa homa. Wako wa ukoo wenu watakaoona umemtumia vibaya marehemu. Hili la mwisho lipime wewe, kwa sababu naona jina la bibi yako ndilo lililokuwa likikubana miaka yote hii, kuliko kwikwi yenyewe. Si lazima pawe na mkutano. Mwanamke mmoja akikuuliza kesho, "Hii ni ya bibi?", waweza kumjibu, "Hapana, hii ni yangu," ukaendelea kufunga uzi. Hapo ni mwanzo, na utaona moyo wako unasemaje kabla ya kwenda mbali zaidi.

Kufunga zidaka ni haki yako. Miaka 42 ya hodi za usiku inachosha, na kama ni uchovu, pumzika bila kumwomba mtu radhi. Kama ni hofu, nataka ufikirie jambo moja ulilolipitia mbiombio katika barua: yule mtoto wa homa ya saa nne usiku. Baba yake alikuja kwako kwanza, na ni wewe uliyempeleka hospitali. Ukifunga mlango, mtu kama yule anapiga hodi wapi?

Kuhusu hadithi uliyoisikia, sitaifasiri, si kazi yangu. Mwendee Ustadhi mwenyewe au umtume mtu unayemwamini, lakini mweleze yote: kwamba hutozi pesa, kwamba hujiiti tabibu, kwamba wagonjwa wakubwa unawarudisha, na lile la asali usilifiche. Umejihukumu kwa nusu ya maelezo.

Iko njia moja hukuitaja. Yule binti wa uuguzi. Kabla likizo yake haijaisha, ungeweza kumwita, ukateremsha chupa zote, mkakaa nazo mkekani. Hatari ni kwamba yu mwanafunzi bado, huenda akakataa kila kitu kwa sababu hakukisoma, na ukaaibika mara ya pili. Basi mwite peke yake, na uwe na maswali ya hakika. Mwulize habari ya mafuta ya karafuu, maana karafuu moja kwenye jino la mtu mzima ni salama, lakini mafuta yake kiasi cha kijiko cha chai yanaweza kumtia mtoto mdogo degedege na kumharibu ini; kama unayo, yasikae kidaka cha chini. Mwulize habari ya uwatu mwingi kwa mjamzito, na ya mafuta ndani ya sikio linalotoka usaha, ambalo si la kutiwa kitu. Mwambie akufundishe kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi, akiwa ametulia, kwa dakika nzima ya saa: kuanzia miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, 50 au zaidi ni za hospitali, kuanzia mwaka mpaka kabla ya kufika miaka 5, 40 au zaidi. Na mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege au asiyeamka vizuri, huyo hangoji hata kuhesabiwa. Mjukuu wako anaweza kuyaandika haya pia, daftari lile lile, na pa kuandika "kutoka kwa" ataandika jina la binti huyo.

Sijakwambia la kufanya, Bi Mkubwa, na sijasahau kwamba ulitaka kuambiwa. Wewe ndiwe utakayekaa na jibu lake, ndani ya nyumba ile, na hodi zile. Ukishaongea na mmoja wao, awe mjukuu, binti au Ustadhi, niandikie. Na unisimulie ya ule ufunguo: ni mtoto yupi aliyeulalia mara ya kwanza, na nini kilikufanya usiku ule ukakumbuka mlango?

Bi Mshauri